Nilisema Nimefanya Mwenyewe. Haikuwa Ukweli.



Tangu ile klipu ya ubao wa taa itoke, inboksi yangu imejaa maswali matatu. La kwanza: "Umeitengeneza aje?" La pili: "Unakodisha ngapi?" La tatu linatoka kwa watu wa ukoo wangu: "Sasa hii ndiyo uliachia chuo?"

Leo nitajibu yote. Lakini kuna la nne ambalo hakuna mtu ameniuliza, na ndilo linaninyima usingizi. Ukisoma hadi chini utalikuta.

Nianze na hilo la chuo ndio tulimalize. Niliacha chuo kikuu nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikuwa imelipwa nusu. Mbuzi wa nyumbani waliisha kwenye ule ukame ulioanza mwisho wa 2020, mvua ikikataa msimu baada ya msimu. Mama alibaki na kazi yake ya kushona shanga na kuuza hapa Lodwar, na shanga hazilipi karo ya mtu anayekaa hosteli. Nilirudi nyumbani na begi moja na laptopu kuukuu, nikaanza kurekodi video za mtaa. Sikufukuzwa, sikufeli. Pesa iliisha, basi. Anayetaka kucheka acheke, tuendelee.

Mapenzi yangu na taa yalianzia Tobong'u Lore. Kama si wa huku, hilo ni tamasha la utamaduni la Turkana linalofanyika hapa Lodwar, na jina lake ni kama kusema "karibu tena nyumbani". Mwaka mmoja nilisimama mbele ya skrini kubwa ya LED, nyuma ya wachezaji, nikasahau hata kurekodi. Rangi zilikuwa zinafuata ngoma. Siku iliyofuata nikarudi kuangalia inavyofunguliwa. Jamaa walipakia kila kitu kwenye lori, waya hadi ya mwisho, wakashika njia ya Kitale. Uwanja ukabaki na vumbi na chupa za maji. Nikajiuliza, kwani hizi taa lazima zije na lori na zirudi na lori?

Sasa, hiyo kitu inafanya kazi hivi. Pikseli moja ni taa ndogo yenye rangi tatu ndani: nyekundu, kijani na buluu. Ndani yake kuna chipu inayosikiliza data. Zimefungwa kwa mstari kama watu kwenye foleni ya maji. Data inaingia kwa wa kwanza, anachukua yake, inayobaki anampitishia wa nyuma yake, hadi mwisho. Ukizipanga ziwe safu na nguzo, unapata ubao unaoweza kuonyesha picha, maandishi, chochote. Chini ya hapo unahitaji vitu vitatu: pawasaplai, yaani lile boksi la chuma linalogeuza stima ya ukutani kuwa volti 5, kontrola, ambayo ni kompyuta ndogo kama kiberiti inayoziambia pikseli zifanye nini, na programu ya kupanga taa zifuate muziki sekunde kwa sekunde.

Nilinunua nyuzi 11 za pikseli 50 kila moja, zile za WS2811 zenye umbo la risasi, kutoka Luthuli Avenue kule Nairobi. Zikaja na basi kupitia Kitale. Kontrola ni ESP32 yenye programu ya WLED, ambayo ni ya bure. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, nikaipaka rangi nyeusi. Halafu nikaazima drili na kutoboa mashimo safu 16, kila safu mashimo 32, umbali wa sentimita 7. Hesabu mwenyewe: mashimo 512. Nilitoboa siku tatu, asubuhi na jioni tu, kwa sababu mchana wa Lodwar unaujua, drili yenyewe inaomba kivuli. Pesa ya hayo yote ilikuwa akiba yangu ya kurudi chuo. Sasa unaelewa kwa nini ukoo unauliza.

Lakini ubao wenye taa 512 bila mtu wa kuzipanga ni plaiwudi yenye mashimo. Hapo ndipo Kakuma inaingia.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita kama 120. Nilienda huko kurekodi klipu ya vijana wanaodensi. Kambi ya Kakuma ilianza 1992, kwa hiyo kuna watu wenye umri kama wangu na zaidi ambao wamezaliwa humo na kukulia humo. Kwenye kibanda kimoja cha kuchaji simu nikamkuta jamaa ameinamia laptopu, kwenye skrini kuna nyumba imechorwa kwa nukta, na nukta zinacheza na muziki. Nikasimama nyuma yake dakika tano bila kusalimia. Mwishowe akageuka: "Ndugu, unataka kuchaji ao unataka kuangalia?"

Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo ninavyomwita, na ameniomba nisiandike jina lake. Alitoka Kivu Kusini, Kongo, akiwa mtoto. Kiswahili chake na changu vinagombana kila siku: mimi nasema "ndio maana", yeye anasema "njo maana". Alikuwa anatumia xLights, programu ya bure ambayo wazungu wengi hupangia nayo taa za Krismasi za nyumba zao. Ina sehemu ya kukuonyesha shoo yako kwenye skrini kabla ya kuifunga kwenye taa za kweli. Mwalimu alikuwa amejifunza kwa video za YouTube, bando kwa bando. Alikuwa na shoo 14 zimekamilika. Nikamuuliza taa zake ziko wapi. Akacheka.

"Taa? Sina hata moja."

Miaka miwili, msee. Miaka miwili anapanga taa ambazo hazijawahi kuwaka popote isipokuwa kwenye skrini ya laptopu.

Nikamwambia mimi nina plaiwudi na pikseli, na sijui chochote. Tukashikana mikono. Safari iliyofuata nilimpelekea uzi mmoja wa pikseli 50 na kontrola. Zilipowaka mara ya kwanza hakusema kitu. Alizima, akawasha, akazima, akawasha. Halafu akaanza kunifundisha.

Makosa yangu yalikuwa mengi. Nitawapa matatu, ili ukijenga yako usirudie.

Kosa la kwanza ni la picha kuchanika. Niliweka neno LODWAR likaonekana kama limepitia kwenye mashine ya kusaga. Nikabadilisha waya, nikabadilisha kontrola, nikalaumu Luthuli. Mama alikuwa ameketi kando anashona mkufu. Akaangalia ubao kidogo, akasema mstari mmoja unaenda na unaofuata unarudi, lakini mimi nimehesabu kama yote inaenda. Basi. Ilikuwa kweli. Waya wangu ulikuwa unakwenda kulia, ukifika mwisho unashuka na kurudi kushoto, kama mtu anayelima. Kwenye programu nilikuwa nimeweka kila safu ianze kushoto. Ni mpangilio wa kubonyeza mara moja tu: unaiambia programu waya unaenda nyoka. Mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta aliliona kwa sababu amepanga shanga safu kwa safu maisha yake yote.

Kosa la pili ni la pikseli mbili za mwisho. Ubao wote unawaka, 510 ziko sawa, mbili za mwisho kabisa pembeni ni giza. Nikazitoa, nikaweka mpya. Giza. Nikaweka nyingine. Giza. Nikampigia Mwalimu usiku. Akauliza swali moja: "Umefungua yunivasi ngapi?" Laptopu inatuma data kwa kontrola kwa njia inayoitwa E1.31, na data hiyo inagawanywa kwa mafungu yanayoitwa yunivasi. Fungu moja linabeba chaneli 512. Kila pikseli inakula chaneli 3, moja kwa kila rangi. Kwa hiyo fungu moja linatosha pikseli 170, chaneli mbili zinabaki bure. Mimi nilifungua mafungu matatu. Tatu mara 170 ni 510. Pikseli zangu mbili hazikuwa zimeharibika. Hakuna aliyekuwa amezitumia kitu. Nikafungua la nne, zikawaka.

Kosa la tatu ndilo lililonifunza zaidi. Niliwasha ubao wote rangi nyeupe. Mwanzo wa mstari ulikuwa mweupe kama maziwa. Katikati ukawa wa njano. Mwisho ukawa wa chungwa, karibu mwekundu. Nikadhani ni data tena. Mwalimu akasema, "Hapana, stima imechoka njiani." Kila pikseli ikiwaka nyeupe kamili inavuta kama miliampea 60. Mara 512, hizo ni ampea 30 na kitu, zote zinapita kwenye kiwaya chembamba kutoka upande mmoja. Kila hatua volti inapungua. Rangi ya buluu na ya kijani zinahitaji volti nyingi kuliko nyekundu, kwa hiyo zinakufa kwanza. Nyekundu inabaki peke yake, ndiyo maana mwisho wa ubao unaonekana kama moto wa jioni.

Nikamwambia basi nipandishe volti kule mwanzo. Akapiga kelele. Ukipandisha mwanzo, utaunguza pikseli za karibu, na za mbali bado zitakuwa zinaomba. Dawa ni nyingine: unavuta waya mnene kutoka kwenye pawasaplai moja kwa moja hadi katikati na hadi mwisho, unailisha mistari hukohuko iliko. Yeye anaita kupiga sindano. Mimi nilipiga sindano baada ya kila pikseli 50, kila waya na fyuzi yake. Nikawasha. Nyeupe kutoka kona hadi kona.

Usiku huo nilikaa nje naangalia ubao, nikaanza kufikiria mambo ambayo hayahusu taa. Hapa nitawachosha kidogo, mnivumilie.

Kituo cha stima cha Turkwel, megawati 106, kiko mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi. Kilipoanza kazi 1991, laini yake ilivutwa kusini hadi Lessos. Lodwar, iliyo jirani, kwa miaka na miaka ikawa inawashwa na mitambo ya dizeli. Ng'ambo ya ziwa, karibu na Loiyangalani kule Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo, megawati 310, na laini yake inakwenda hadi Suswa. Sisemi Nairobi isipate stima. Nasema sisi tunaijua vizuri hiyo hali ya kuwa mwisho wa waya. Halafu mtu akija kutoka mbali akaona tumefifia, anasema "vijana wa huku wana talanta, lakini..." Unajua hiyo lakini. Mwisho wa waya hauna ubaya wowote. Umekosa sindano tu.

Niliandika haya kwenye simu siku hiyo, nikayasoma, nikajisikia msomi. Nilikuwa nangoja shoo ipite niyapost. Nilikuwa nimepanga kuwalaumu watu wa Nairobi.

Sasa shoo yenyewe. Tulipata kazi: usiku wa vipaji wa vijana hapa Lodwar. Si kubwa, watu mia tatu hivi, jukwaa la mbao, jenereta moja. Mwalimu alipanga nyimbo sita. Faili za taa ni ndogo sana, alinitumia kwa WhatsApp, nne usiku mmoja. Kwenye wimbo wa tatu alitengeneza ngamia anayetembea kutoka kushoto kwenda kulia, na kila hatua ya ngamia inaangukia kwenye ngoma. Hajawahi kuishi na ngamia, huyu mtu wa Kivu. Alirekodi ngamia wanaopita karibu na kambi, akahesabu hatua.

Yeye mwenyewe alitaka kuja. Kama hujui, mkimbizi aliye Kakuma hawezi tu kuamka na kupanda gari hadi Lodwar. Anahitaji pasi ya kusafiri. Aliomba mapema, akaeleza sababu. Siku ya shoo ilifika, pasi haikuwa imetoka. Asubuhi aliniandikia: "Haina shida. Uniwekee laivu."

Nikamwekea. Simu juu ya spika, ikielekea ubao. Mwangaza niliushusha hadi asilimia 40, kwa sababu jenereta ilikuwa inabeba na spika pia, na usiku asilimia 40 bado inatosha kumulika uwanja. Wimbo wa kwanza watu walinyamaza. Wa pili wakaanza kupiga kelele. Ngamia alipotokea, wasee, nilisikia watoto wanaita kwa Kiturkana, na akina mama nyuma wakaanza kupiga vigelegele. Mama yangu alikuwa hapo. Alikuwa amesimama mikono imefunga kifuani, anaangalia mistari.

Mwisho MC akaniita jukwaani. Akanipa maiki. Akauliza, "Hii kitu imetoka Nairobi ama Eldoret?" Nikasema, "Imetoka hapa hapa Lodwar." Watu wakalipuka. Akauliza, "Na nani amekusaidia?"

Hili ndilo swali la nne.

Niliangalia umati. Nilimwona mjomba wangu, yule anayesema kila Krismasi kwamba nilitupa maisha. Nikasema: "Nimefanya mwenyewe."

Yote ilichukua kama sekunde mbili. Na simu ilikuwa juu ya spika, iko laivu.

Nilikumbuka simu nikiwa nashuka ngazi. Nilipoichukua, laivu ilikuwa bado inaendelea na jina lake lilikuwa bado liko kwenye orodha ya wanaotazama. Nikazima. Sikujua niandike nini. Nikajiambia nitampigia kesho. Saa nane usiku ukaingia ujumbe wa sauti. Nilikaa nao muda bila kuufungua. Nilipoufungua, alisema hivi tu: "Ndugu, hongera. Kwenye simu sikuona vizuri kona ya kushoto. Zile mbili za mwisho, ziliwaka?"

Ziliwaka, Mwalimu. Zote 512.

Kwa siku kadhaa nilitafuta maneno ya kujitetea. Kwamba nilipagawa. Kwamba mashimo nilitoboa mimi, na pesa ni yangu. Kwamba kumtaja mtu wa kambini mbele ya watu kunaweza kumletea maneno. Hilo la mwisho ni uongo kabisa, kwa sababu ningeweza kusema "rafiki yangu wa Kakuma" na nisingemtaja jina. Ukweli ni kwamba nilitaka mjomba aone mtu mmoja tu. Nilikuwa na andiko lote kwenye simu kuhusu Nairobi inavyovuta laini na kuacha jirani gizani, na siku niliyopewa maiki nilifanya vilevile kwa mtu aliye kilomita 120 kutoka kwangu. Nilivuta mwanga wake hadi Lodwar, nikamwacha mwisho wa waya anauliza kama zimewaka.

Nilimpigia, nikamwambia haya yote. Alinyamaza kidogo, akasema alisikia, na kwamba ilimuuma, na kwamba alikuwa ameamua nisimwone ameumia. Halafu akaniuliza kama nimeweka kifuniko kwenye pawasaplai kwa sababu ya vumbi. Sikuwa nimeweka. Nusu ya pesa ya shoo ilikuwa imeshaenda kwake kwa M-Pesa, hiyo tulikubaliana mapema. Lakini pesa haikuwa ndiyo deni.

Kwa hiyo majibu yangu ni haya. Nimeitengeneza aje? Mimi nilitoboa, nikafunga waya, nikalehemu. Mama aliona kosa la safu. Mwalimu alinifundisha kila kitu kuhusu data na stima, na taa zote mlizoona zikicheza alizipanga yeye, kutoka Kakuma, kwenye laptopu yenye kioo kilichopasuka.

Kukodisha ni ngapi? Njoo inboksi tuongee, lakini jua unakodisha watu wawili. Ukiweka bango la shoo, linaandikwa "Lodwar na Kakuma" au hatuji. Na kama unajenga yako, nitakusaidia bure, ila kitu kimoja usicheze nacho: upande wa stima ya ukutani mwachie fundi anayejua. Volti 5 haitakuua. Volti 240 haina utani.

Je, hii ndiyo niliachia chuo? Hapana, mjomba. Chuo niliachia karo. Hii niliikuta njiani.

Nimebakisha pikseli 38 za akiba. Wiki ijayo nazipeleka Kakuma, na kontrola ya pili, zikae huko. Hatuhitaji pasi ya mtu yeyote kwa hilo. Yeye anasema 38 ni chache, hazigawanyiki vizuri kuwa safu. Nimemwambia anipe muda, nitafute mashimo mengine ya kutoboa.

Shoo inayofuata tunataka iwe huko kwake. Nitasimama nyuma, nishike simu, niweke laivu. Maiki tutampa yeye.